Lobedi Moja, Vibali Vinne

Barua tano kati ya zilizotufikia kwa toleo hili zinazunguka jambo moja: mizigo mipana na mizito, na karatasi zinazotakiwa ili iweze kupita barabarani. Tumeona tuzijibu pamoja.

Ndugu Mhariri, salaam. Nina lobedi mbili, yaani matela ya kitanda cha chini, hapa Mbeya, na kazi yangu kubwa ni kuhamisha mitambo ya ujenzi na ya machimbo. Hivi karibuni nilipewa kazi ya kuchukua kijiko (mtambo wa kuchimbua) cha tani 45 kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi kwenye machimbo wilayani Chunya. Kibali cha barabara kuu nilikipata bila taabu kubwa, na safari ya zaidi ya kilomita 800 mpaka Mbeya ilikwenda salama. Kilichonishinda ni kipande cha mwisho. Nilipofika kwenye njia ya vumbi inayoingia machimboni niliambiwa kibali changu hakihusu barabara hiyo, nikaanza upya kuandika barua, kisha nikaambiwa nisubiri mhandisi aje kuangalia kalavati (njia ya maji inayopita chini ya barabara), na wakati huo mteja ananikata fedha kwa kila siku ya kuchelewa. Kwa nini serikali isitoe kibali kimoja kinachotosha kutoka geti la bandari hadi mlangoni kwa mteja?
*Mwenye lobedi, Mbeya*

Ndugu yangu, pole kwa siku zilizokupotea. Kibali kimoja kinawezekana, nami nakiunga mkono, ila nakuonya mapema kwamba hakitapatikana kwa kumwondoa yule mhandisi aliyekusimamisha.

Tuanze na nani ni nani. Vipimo vya uzito vinatoka juu kabisa, kwenye Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019. Ukomo wake ni tani 56 kwa gari la ekseli saba, yaani mihimili saba ya magurudumu, pamoja na mzigo, na kila ekseli ina ukomo wake: tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, tani 18 kwa ekseli mbili zilizofuatana, na tani 24 kwa tatu. Kijiko chako cha tani 45, ukijumlisha horsi (kichwa cha lori) na lobedi yenyewe, kilikuwa kimeuvuka ukomo huo kabla dereva hajawasha injini, na kwa upana wa minyororo yake kilikuwa kimetoka nje ya kipimo cha lori la kawaida pia. Kwa hiyo tangu mwanzo ulikuwa unaomba ruhusa ya kufanya jambo ambalo sheria kwa kawaida inalikataza.

Ukitoka kwenye sheria ya Jumuiya unaingia kwa wenye barabara. TANROADS inasimamia barabara kuu na za mikoa. Barabara za wilaya, za mitaa na za vijijini ziko mikononi mwa TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017 ili kupokea kazi iliyokuwa ikifanywa na halmashauri. Pembeni yao wapo polisi wa usalama barabarani wanaosindikiza mzigo, wapo TANESCO wenye waya unaoning'inia juu ya njia, na ipo reli, iwe ya TRC au ya TAZARA, kila mahali inapokatiza barabara. Kila mmoja anajua jambo ambalo mwenzake halijui. Mhandisi wa barabara kuu anaweza kukutajia uwezo wa kila daraja kutoka Vigwaza mkoani Pwani hadi Uyole jijini Mbeya, lakini hawezi kujua kwamba masika yaliyopita maji yalichimba ubavu wa kalavati moja kwenye njia ya kuingia machimboni. Anayejua hilo ni mtu wa wilaya, na mara nyingi ni mtu mmoja mwenye pikipiki na daftari.

Uzito nao una hesabu yake, ambayo wenye magari wengi huichukulia kuwa ni visingizio vya mizani. Madhara ya ekseli kwa barabara hayapandi sambamba na uzito, bali hupanda kwa takriban nguvu ya nne ya uzito huo (namba ya uzito ikiandikwa mara nne na kuzidishwa), kanuni iliyotokana na majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960. Kwa lugha ya gereji, ekseli ya tani 12 mahali panapotakiwa tani 10 haiiumizi barabara kwa asilimia 20 zaidi. Inaiumiza kama mara mbili. Ndiyo sababu lobedi za mizigo mizito huongezewa ekseli na matairi mpaka zinafanana na jongoo, na ndiyo sababu fomu ya kibali hukuuliza umbali kati ya ekseli na ekseli, swali ambalo wasafirishaji hulijaza kwa kubahatisha.

Niliwahi kushuhudia kisa kinachofanana na chako. Lobedi iliyobeba tangi la kiwanda ilisimama siku mbili kwenye makutano ya lami na barabara ya changarawe, kibali cha barabara kuu kikiwa kimebandikwa kwenye kioo cha mbele, safi, chenye mihuri yote. Mita mia nne mbele kulikuwa na kalavati la zege lililopasuka juu, na wanakijiji walikuwa wameliwekea matawi ya mti kuwaonya wenye bodaboda. Dereva alinionyesha kibali chake kana kwamba mimi ndiye ninayemzuia. Hapakuwa na neno hata moja ndani ya karatasi ile kuhusu zile mita mia nne, ingawa jina la kiwanda, yaani mwisho wa safari, liliandikwa kwa herufi kubwa. Siku ya pili uliletwa mchanga na magogo, upande mmoja wa barabara ukajazwa, tangi likapita likiyumba.

Kwa maoni yangu, kinachopaswa kuwa kimoja ni ombi. Leo karatasi zinatembea na mwenye gari kutoka ofisi hadi ofisi, na kila ofisi inauliza upya yale yale: aina ya horsi, idadi ya ekseli, uzito, urefu, upana, kimo, njia, tarehe. Taarifa hizo zingeingizwa mara moja tu, mfumo ukaisoma njia na kuikata vipande kulingana na mwenye kila kipande, ombi likawafikia wote siku hiyo hiyo badala ya mmoja kumsubiri mwingine, na kila mmoja akawekewa idadi ya siku za kujibu. Kibali kitakachotoka kitakuwa karatasi moja yenye masharti ya wote ndani yake. Njia zinazopitiwa kila wiki na mizigo inayofanana hazina haja ya kuchunguzwa upya kila mara: zikaguliwe mara moja, zitangaziwe vipimo vyake, na anayeingia ndani ya vipimo hivyo apewe ruhusa siku hiyo hiyo.

Hapo kwenye siku za kujibu natofautiana na wasafirishaji wengi, ambao wangependa ofisi isiyojibu ihesabiwe kuwa imekubali. Kwa mzigo uliozidi upana kidogo kwenye barabara kuu, sawa. Kwa tani 70 juu ya kalavati la kijijini, kimya cha mhandisi hakiwezi kuchukuliwa kuwa ni ridhaa, kwani huenda hajapata hata usafiri wa kwenda kuliona. Kimya chake kipelekwe ngazi ya juu, swali lifike kwa mkubwa wake likiwa na jina na tarehe.

Kwa safari yako ijayo, anza kuomba kutoka mwisho. Barua ya kwanza iende TARURA ya wilaya unakokwenda, kwa kuwa huko ndiko jibu huchelewa na ndiko utakapokwama, kisha rudi nyuma kuelekea bandarini. Tuma kijana akaipige picha njia nzima ya vumbi, kila kalavati na kila waya. Na kwenye mkataba na mteja, andika waziwazi nani analipia siku za kusubiri kibali cha kuingia kwake.

Mhariri, mimi nauza saruji na nondo Morogoro. Kama mwenye kijiko anaruhusiwa kuzidi tani 56, je, nami naweza kulipia kibali ili nibebe saruji nyingi kwa safari moja, kuliko kulipa mafuta ya safari mbili?
*Mfanyabiashara, Morogoro*

Hapana. Kibali cha aina hii ni cha mzigo usiogawanyika, na saruji imeshagawanywa mifuko na kiwanda chenyewe. Wamarekani wana kipimo kinachosaidia kulielewa jambo hili: kanuni zao za serikali kuu zinautambua mzigo kuwa haugawanyiki ikiwa, pamoja na mengine, kuutenganisha kungechukua zaidi ya saa nane za kazi kwa vifaa vinavyofaa. Kijiko kinaweza kung'olewa ndoo na mkono wake, na mara nyingine hung'olewa ili kupunguza uzito, lakini mwili wake hauwezi kukatwa vipande. Nondo zako wapagazi wawili wanazigawa kwa dakika kumi.

Mhariri mpendwa, ninasimamia usafirishaji wa vifaa vya mradi wa umeme hapa Kajiado. Tangu ugatuzi uanze, mzigo unaotoka Mombasa unapita kaunti kadhaa, na kila moja ina maafisa wake barabarani. Mimi nimekwisha kulipia kibali cha kitaifa. Je, kaunti ina haki ya kunisimamisha na kunitoza tena?
*Msimamizi, Kajiado*

Bwana Msimamizi, hapa inafaa kutenganisha vitu viwili ambavyo barabarani huonekana kama kimoja: ruhusa ya kupita na ushuru wa kupita.

Kwa upande wa ruhusa, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliunda mamlaka tatu, KeNHA kwa barabara kuu za kitaifa, KURA kwa za mijini na KeRRA kwa za mashambani, kisha Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ikazipa serikali za kaunti barabara za kaunti. Mzigo ukibaki juu ya barabara ya kitaifa tangu Mombasa, kaunti unazozipita si mwenye barabara hiyo, hata kama barabara inakata katikati ya mji wao mkuu. Ukiiacha lami ya kitaifa na kuingia barabara ya kaunti, mwenye kauli juu ya madaraja yake ni kaunti, na hapo una wajibu wa kuomba.

Ushuru ni suala jingine. Kifungu cha 209(5) cha Katiba kinasema kwamba mamlaka ya kaunti ya kutoza kodi na kujipatia mapato hayatatumiwa kwa namna itakayodhuru sera za kitaifa za uchumi, shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti, wala usafirishaji wa bidhaa kote nchini. Maneno hayo hayamfanyi afisa aliyesimama kando ya kizuizi saa kumi na moja jioni akufungulie njia, hilo nalijua, lakini yanakupa msingi wa kuandika malalamiko yenye uzito. Daima dai risiti inayotaja sheria ya kaunti iliyotumika. Afisa asiyeweza kuitaja sheria hiyo kwa kawaida huona ni afadhali uendelee na safari yako.

Mfano mzuri wa ukubwa wa shughuli yenyewe ni mradi wa upepo wa Ziwa Turkana katika Kaunti ya Marsabit. Mitambo yake 365, yenye uwezo wa jumla wa megawati 310, iliteremshwa bandarini Mombasa na kusafirishwa takriban kilomita 1,200. Kabla ya mapanga ya mitambo hiyo kusafiri, mradi ulilazimika kuiboresha barabara ya takriban kilomita 208 kutoka Laisamis hadi eneo la mitambo. Mzigo wa aina ileile ulirudiwa mamia ya mara juu ya njia ileile, na katika hali kama hiyo kuiuliza kila safari maswali mapya hakumlindi mtu yeyote. Ukiwa na mradi wa namna hiyo, usiombe kibali cha lori moja moja. Omba kikao kimoja cha wenye barabara wote, mkubaliane njia, saa na vipimo, kisha malori yafuate makubaliano hayo.

Ndugu Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Bukavu, sasa naendesha lori Iowa, Marekani. Huku tunasifiwa kwa utaratibu, lakini mzigo mpana ukivuka majimbo manne unahitaji vibali vinne, na wakati mwingine kaunti nazo zinataka chake. Nilidhani nchi tajiri ingekuwa imeshamaliza tatizo hili. Kuna mahali wamefaulu?
*Dereva, Iowa*

Ndugu Dereva, barua yako itawafariji wasomaji wengi wa huku.

Hali ni kama unavyoieleza. Serikali kuu ya Marekani inaweka ukomo wa kawaida kwenye barabara kuu za kitaifa, pauni 80,000, ambazo ni karibu tani 36, na upana wa inchi 102, karibu mita 2.6. (Wenzetu wa mizani ya Vigwaza watashangaa kwamba lori linaloruhusiwa tani 56 hapa lingekuwa limezidisha sana kule.) Lakini serikali hiyo haitoi vibali vya kuzidi vipimo. Kazi hiyo ni ya majimbo, na chini yake kaunti na miji kwa barabara zao.

Ufumbuzi umepatikana vipande vipande. Baadhi ya majimbo ya magharibi yalikubaliana kwamba jimbo moja linaweza kutoa kibali kinachotambuliwa na majimbo wenzake, alimradi mzigo uwe ndani ya vipimo walivyoafikiana. Ukizidi hapo, unarudi kuomba kila jimbo peke yake. Magharibi mwa North Dakota, kwenye visima vya mafuta vya Bakken, kaunti zilijiunga na kutoa vibali vyao kupitia mfumo mmoja uitwao LoadPass. Naupenda mfano huu wa pili kuliko ule wa kwanza, kwa sababu ulianzia chini: wenye barabara za vumbi ndio waliokutana, kila kaunti ikabaki na kauli juu ya barabara zake, lakini dereva akabisha hodi kwenye mlango mmoja.

Lakini kuharakisha kibali kuna upande wake mwingine, nao ulionekana tarehe 23 Mei 2013 kwenye daraja la mto Skagit, jirani na mji wa Mount Vernon katika jimbo la Washington. Lori kutoka Alberta, Kanada, lilikuwa likielekea kusini kwa barabara kuu ya I-5 likiwa na mzigo uliozidi kimo. Lilikuwa na kibali halali cha jimbo, kilichotaja kimo cha futi 15 na inchi 9, yaani mita 4.8, na mbele yake lilitanguliwa na gari la kuongoza lenye fito ya kupimia kimo. Mihimili iliyo juu ya daraja lile ilikuwa na umbo la upinde: katikati mlikuwa na nafasi ya zaidi ya mita 5, lakini pembeni, juu ya njia ya kulia, nafasi ilishuka hadi karibu mita 4.4. Lori lilipita kulia. Mzigo ukagonga mihimili, na kipande kizima cha daraja kikaanguka mtoni pamoja na magari mawili yenye watu watatu, ambao kwa bahati waliokolewa hai.

Wachunguzi walikuta udhaifu katika kila kiungo cha mnyororo: mpango wa njia wa msafirishaji haukutosha, dereva wa gari la kuongoza alikuwa akizungumza kwa simu, hapakuwa na kibao cha kuonya kuhusu kimo cha njia ya kulia, na utaratibu wa jimbo wa kutoa vibali ulimwachia msafirishaji ahakikishe mwenyewe kwamba mzigo wake unapita. Kibali kilitoka haraka kwa sababu hakuna aliyelinganisha namba iliyoombwa na namba ya daraja. Namba zote mbili zilikuwepo. Lau lori lingeambiwa lipite njia ya kushoto, daraja lile lingekuwa limesimama jioni ile.

Kwa hiyo ukiniuliza wapi wamefaulu, ninatazama kwanza kama mfumo wao unaijua barabara, kila daraja na kimo chake kwa kila njia, kisha ndipo nauliza ni dakika ngapi unachukua kutoa karatasi.

Mhariri, mimi ni utingo wa lobedi Mombasa. Bosi hupima kimo cha mzigo kwenye karatasi: anachukua kimo cha lobedi, anajumlisha na kimo cha mtambo, namba hiyo ndiyo anayoiombea kibali. Inatosha?
*Utingo, Mombasa*

Haitoshi, kijana wangu. Hesabu ya bosi imesahau mbao mlizoweka chini ya mtambo, imesahau kwamba springi hulala kwa uzito na matairi hutofautiana upepo, na pengine imesahau bomba la moshi au ndoano iliyochomoza juu. Mzigo wa Skagit ulipopimwa baada ya ajali ulionekana una futi 15 na inchi 11, inchi mbili zaidi ya zile zilizoandikwa kwenye kibali.

Pima baada ya kupakia na kukaza minyororo, gari likiwa mahali tambarare, matairi yakiwa na upepo wa safari. Laza ubao ulionyooka juu ya sehemu ya juu kabisa, hakikisha umekaa sawa kwa pimamaji, kisha teremsha tepu hadi chini. Rudia upande wa pili wa gari, na rudia tena mkisimama mara ya kwanza njiani, kwa sababu mzigo hukaa upya baada ya kutikiswa. Ikiwa namba imezidi ile ya kibali hata kwa kidole, mwambie bosi kabla ya kuondoka.

Na mkifika chini ya waya wa umeme saa nane mchana, kumbuka kwamba waya hulegea kwa joto, hivyo kimo kilichopimwa asubuhi hakitumiki tena saa hiyo. Usipande juu ya mzigo kuunyanyua waya kwa mti, hata ukiona wenzako wanafanya hivyo. Kaeni mbali nao na muwasubiri watu wa Kenya Power.